Neno Moja au Mawili? Historia Fupi ya Maneno Yanayoshikana

Ndugu msomaji, chukua kalamu uandike jina la ile treni inayopita Isaka kuelekea Mwanza, lakini uliandike kwa Kiswahili cha zamani kidogo. Umeandika nini? Kama wewe ni wa kizazi cha babu, umeandika gari la moshi. Kama umekulia kwenye vitabu vya shule, labda umeandika gari moshi, ukaacha nafasi katikati. Na kama umezoea magazeti na kamusi za sasa, umeandika garimoshi, neno moja lisilo na tundu. Watu watatu, kitu kimoja, maandishi matatu, na hakuna aliyekosea.

Wengi wetu tunaoandika hadithi hatujiulizi kwa nini. Tunaona ni kazi ya walimu wa sarufi, watu wa chaki na rula. Mimi nimeanza kuona vingine. Nimemaliza kidato cha nne, sina chuo, ninaandika riwaya yangu ya kwanza hapa Buzwagi, upande wa Kahama, na kila ukurasa ninakutana na swali lile lile: haya maneno niyashikanishe au niyaache mbalimbali? Nilipoanza kulifuatilia nikakuta nyuma yake kuna historia nzima: reli, wamisionari, kamati, Bunge, na mchanga uliosafirishwa kwa makontena. Basi twende pamoja, polepole. Mwenda pole hajikwai.

Silabi ndiyo mizani yetu

Tuanze na kitu kidogo kabisa, silabi. Kiswahili ni lugha ya silabi wazi, yaani karibu kila silabi inaishia na irabu: ka-ha-ma, ge-i-ta, bu-zwa-gi. Zipo silabi za peke yake, ile m ya m-ti na ile n ya n-chi, ambazo hazina irabu lakini zinahesabiwa. Yapo pia maneno ya kukopa kama dak-ta-ri na lab-da, ambayo yamekuja na konsonanti zake mkononi. Lakini mwendo wa lugha ni ule ule: konsonanti, irabu, konsonanti, irabu, kama mtu anayetwanga.

Mambo haya hayakuletwa na shule za wakoloni. Washairi wa pwani walihesabu silabi karne nyingi kabla ya hapo, wakaziita mizani. Mstari wa utenzi una mizani nane. Utendi wa Tambuka, ambao nakala yake ya mwaka 1728 ni moja ya maandiko ya zamani kabisa ya Kiswahili tuliyo nayo, uliandikwa kwa herufi za Kiarabu, lakini mizani yake inahesabika kwa vidole hadi leo. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi, aliyekuja kuwa meya wa Dar es Salaam na waziri, alitoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi, akaeleza utaratibu huo kwa vijana wa wakati wake. Washairi wana ruhusa ya kufupisha neno ili mizani itimie, nayo huiita inkisari. Sasa hesabu wewe mwenyewe. Gari la moshi: ga-ri-la-mo-shi, mizani tano. Gari moshi: nne. Ile la imetupwa, na maana haijaumia.

Hapo ndipo maneno yanapoanza kushikana. Hayashikani kwa gundi. Yanashikana kwa kupoteza kitu kilichokuwa katikati.

Waholanzi wanavyofanya

Baba yangu mdogo alikuwa anaendesha mtambo katika mgodi wa hapa mpaka shughuli ziliposimama. Alifanya kazi na fundi mmoja kutoka Afrika Kusini, ambaye lugha ya kwao ni Kiafrikana, mtoto wa Kiholanzi. Neno moja tu la yule fundi lilibaki nyumbani kwetu: goudmyn, mgodi wa dhahabu. Kwa Kiholanzi chenyewe linaandikwa goudmijn. Goud ni dhahabu, mijn ni mgodi. Silabi mbili tu, goud-mijn! Sisi kwa kitu hicho hicho tunatumia silabi saba: m-go-di wa dha-ha-bu.

Nikatamani kujua zaidi. Waholanzi, kama Wajerumani jirani zao, wakitaka kuunganisha majina mawili huyaandika pamoja bila nafasi, hata yawe matatu au manne. Mfanyakazi wa mgodi wa dhahabu ni goudmijnwerker, neno moja. Na mkubwa wa neno anakaa mwisho. Kwao goud hutangulizwa na het, mijn hutangulizwa na de; ukiyaunganisha unasema de goudmijn, kwa sababu mgodi ndio wenye nyumba, dhahabu ni mgeni tu aliyetangulia mlangoni.

Sasa angalia kwetu. Tunasema garimoshi limechelewa. Hatusemi garimoshi umechelewa, ingawa moshi peke yake tungesema moshi umetanda. Ile li- inafuata gari. Mkubwa wetu anakaa mbele. Mholanzi na Mswahili wote wana nyumba yenye baba mmoja, ila mmoja anamweka baba mlango wa mbele na mwingine mlango wa nyuma.

Lakini Waholanzi wana taabu ambayo sisi hatuna. Maneno yao mengi yanaishia na konsonanti, kwa hiyo yakishikana, mshono haujulikani uko wapi. Wana neno valkuil. Ukilikata val-kuil, ni shimo la mtego. Ukilikata valk-uil, umepata kozi na bundi, ndege wawili! Wana jingine, kwartslagen, ambalo huku kwetu lingechekesha sana machimboni. Ukilikata kwarts-lagen, ni matabaka ya kwatsi, lile jiwe jeupe ambalo wachimbaji hulifuata kwa sababu dhahabu hupenda kujificha humo. Ukilikata kwart-slagen, ni mizunguko ya robo, kama mtu anayegeuza kitu robo kisha robo tena. Herufi ni zile zile. Mwenye kukata mstari mwishoni mwa ukurasa ndiye anayeamua kama msomaji ataona mwamba au ataona mzunguko.

Kwetu haliwezi kutokea kirahisi hivyo, na sababu yake ni nzuri mno. Kwa kuwa neno la Kiswahili huishia na irabu, mshono wa maneno mawili karibu kila mara unaangukia mpakani mwa silabi. Ga-ri, mo-shi. Mwa-na, fu-nzi. Pu-nda, mi-li-a. Ukikata kwa silabi, umekata pia kwa maana. Babu zetu hawakukaa kikao wakapanga hivyo, lakini ni urithi.

Tena kuna tofauti nyingine. Waholanzi wakiunganisha mara nyingi wanaongeza sauti katikati, kama kijiti cha kushikiza. Jengo la stesheni ni stationsgebouw: station, halafu s, halafu gebouw. Sauti hizo zimewagombanisha. Chapati yao nyembamba ya kikaangoni iliandikwa pannekoek, lakini mageuzi ya tahajia ya mwaka 1995 yakasema sasa ni pannenkoek, kwa sababu vikaango vingi ni pannen. Watu wazima wakalalamika kwa ajili ya herufi moja ya n! Wao huongeza, sisi hupunguza. Mwana wa mfalme anakuwa mwanamfalme, na wa imekwenda zake. Mwana wangu anakuwa mwanangu. Wana na waume wanakuwa wanaume, silabi moja imemezwa.

Kamati na kalamu nyekundu

Usifikiri kwamba namna tunavyotenga maneno ilishuka kutoka mbinguni. Ni watu walioamua. Ushahidi uko kwa ndugu zetu wa Kibantu kusini. Sisi tunaandika ninawapenda, neno moja. Mzulu anaandika ngiyabathanda, neno moja pia. Lakini Msotho anaandika ke a ba rata, maneno manne, na maana ni hiyo hiyo. Muundo ni ndugu, maandishi ni mbalimbali, kwa sababu walioandika mwanzo walisikia kwa masikio mbalimbali.

Kwetu, Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 na kamusi yake ikatoka mwaka 1882, akifuata Kimvita. Edward Steere alikuwa Zanzibar, akatoa kitabu chake cha sarufi mwaka 1870, akifuata Kiunguja. Wajerumani walipotawala wakatumia Kiswahili katika ofisi na shule zao; neno shule lenyewe tumelipata kwao, na hela tumeipata kwenye sarafu yao ya heller iliyoanza kutumika mwaka 1904. Hela ilibaki hata sarafu yenyewe ilipokufa. Kila mmoja alikuwa na kalamu yake na tahajia yake.

Kisha ukaja mwaka 1928. Kwa watu wa kwetu mwaka huo una mambo mawili. La kwanza, tawi la reli kutoka Tabora kwenda Mwanza lilikamilika. La pili, mkutano ulifanyika Mombasa ambapo wakubwa wa elimu wa serikali za Kiingereza waliamua kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Tarehe 1 Januari 1930 kamati ya lugha ya nchi nne, Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar, ikaanza kazi, katibu wake akiwa Frederick Johnson. Kamusi zinazobeba jina lake zilitoka mwaka 1939. Mwanzoni hapakuwa na Mwafrika hata mmoja kwenye meza ile. Baadaye waliingia, akiwemo Shaaban Robert, na mambo yakaanza kubadilika.

Ninapenda kuyaweka mambo hayo mawili pamoja. Mwaka ule ule reli ya kwetu ilikamilika, na mwaka ule ule watu wengine, mbali kabisa na sisi, wakaamua Kiswahili kipi kitumike kuandika kwamba imekamilika. Babu wa Shinyanga aliyeliona gari kwa mara ya kwanza hakuulizwa aliite nini. Lakini aliliita. Na midomo ya watu kama yeye, wala si kamati, ndiyo iliyokula ile la mpaka tukapata garimoshi.

Baada ya uhuru kazi ikaja nyumbani. Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ikatoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981, kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili, ya kwetu wenyewe. Maneno mengi yaliyotakiwa kwa mambo mapya yaliundwa kwa kushikanisha: kipazasauti, mwanahewa, mwanaanga, isimujamii. Mengine yalikatwa na kubanwa. Chakula cha jioni kikawa chajio, cha mchana kikawa chamcha. Chajio bado unakisikia redioni na kwenye vitabu. Chamcha kimelala njaa, maana huku mtaani mtu anakula cha mchana, basi. Wananchi wana kalamu nyekundu yao, na hawaonyeshi wanapoitumia.

Mwana na mchimba

Kati ya maneno yote yanayoshikana, hakuna lililozaa kama mwana. Mwanafunzi, mwanajeshi, mwanasheria, mwanachama, mwanasiasa, mwananchi. Ukisema mwananchi sikiliza mkazo unapokaa: mwa-na-n-chi, kwenye ile n, silabi ya pili kutoka mwisho. Mkazo mmoja, neno moja. Ndiyo dalili kubwa ya kwamba maneno yameshaoana: yanabaki na pigo moja la ngoma. Gari la moshi lina mapigo mawili. Garimoshi lina moja.

Mwana katika maneno haya si mtoto tena. Ni mtu wa mahali, mwenye haki ya kukaa hapo. Mwananchi ni mtu wa nchi, na neno hilo lilibeba siasa za kudai uhuru tangu TANU ilipozaliwa mwaka 1954 na kuendelea. Mwanamke na mwanamume ni wa zamani zaidi, na hao wana siri yao: wakiwa wengi, mwanamke hubadilika mbele na ndani pia, wanawake, kama nyumba yenye milango miwili inayofunguliwa pamoja.

Sasa nenda Mererani, kule inakochimbwa tanzanaiti iliyogunduliwa mwaka 1967. Wachimbaji wa kule wanajiita wanaapolo. Wanasimulia kwamba jina limetokana na Apollo, vile vyombo vilivyopeleka watu mwezini mwaka 1969. Mtu anashuka shimoni, gizani, hajui atarudi lini, kama wale waliopaa. Tazama uundaji wake: mwana, halafu apolo. Mwa-na-a-po-lo. Ukilikuta limeandikwa mwanapolo, a moja imepotea na mshono umefichwa. Mimi ninaziandika zote mbili. Mtu aliyeingia shimoni kwa kamba anastahili irabu zake zote.

Na ona jambo hili. Kwenye karatasi za ofisi mtu huyo anaitwa mchimbaji mdogo. Maneno mawili, na la pili linamwambia ukubwa wake. Yeye mwenyewe akajipa neno moja, lenye mwana mbele kama mwanasheria na mwanasiasa. Hakuna kamati iliyomsaidia. Alijua bila kufundishwa kwamba katika Kiswahili anayekaa mbele ndiye mkubwa.

Kuna njia nyingine ya kushikanisha, nayo ni ya kitenzi. Mtu anayechimba tu ni mchimbaji. Lakini ukitaja anachochimba, ile -ji inaanguka: mchimba madini, mchimba kisima. Wahenga walishasema, mchimba kisima huingia mwenyewe. Hawakusema mchimbaji kisima. Neno mchimba haliwezi kusimama peke yake, lina mguu mmoja, linataka la kuegemea. Methali zetu zimejaa watu wa namna hiyo: mla mbuzi hulipa ng'ombe, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kila mmoja amefungwa na kitendo chake na kile anachokitenda, huwezi kuwatenganisha.

Mwendakulima

Nimefika nyumbani. Mgodi wa Buzwagi uko jirani kabisa na mji wa Kahama, na kata yake inaitwa Mwendakulima. Lisome kwa masikio ya Kiswahili: mwenda, kulima. Mtu anayekwenda kulima. Ni jina lenye mguu mmoja ulioegemea jembe. Kata silabi zake, mwe-nda-ku-li-ma, tano, mkazo kwenye li. Pigo moja. Limeshaoana.

Na jina Buzwagi? Majina mengi ya huku yanaanza na Bu-: Bulyanhulu, Bugarama, Busoka, Bukombe. Ile bu- ya lugha zetu za huku ni ndugu wa u- ya Kiswahili. Tunachokiita Unyamwezi na Usumbwa kwa Kiswahili, wenyeji huita Bunyamwezi na Busumbwa. Buzwagi halikupita kwenye mashine ya Kiswahili sanifu. Limebaki na bu yake.

Lakini jina hilo lilizunguka nchi nzima kabla hata mgodi haujafunguliwa. Februari 2007 waziri Nazir Karamagi alitia saini mkataba wa mgodi huo huko London. Mbunge Zitto Kabwe akauhoji bungeni, na Agosti mwaka huo Bunge likamsimamisha. Mitaani Buzwagi likageuka kuwa jina la mjadala mzima: nani anasaini, anasaini wapi, kwa faida ya nani. Novemba 2007 iliundwa kamati ya Jaji Mark Bomani kuangalia mambo ya madini, na mwaka 2010 ikapatikana sheria mpya ya madini. Mgodi wenyewe ulifunguliwa mwaka 2009, uzalishaji ukakoma mwaka 2021. Nilikuwa mtoto ulipoanza, nilikuwa kijana ulipofunga.

Katikati yake ukaja mwaka 2017, na hapa ndugu msomaji ndipo swali letu la neno moja au mawili linapoacha kuwa la darasani. Kutoka Buzwagi na Bulyanhulu yalikuwa yakisafirishwa makontena ya kitu ambacho watu walikiita mchanga wa dhahabu. Machi 2017 Rais John Magufuli akazuia usafirishaji huo, makontena 277 yakabaki Dar es Salaam. Zikaundwa kamati mbili, ya Profesa Abdulkarim Mruma iliyotoa taarifa mwezi Mei na ya Profesa Nehemiah Osoro iliyotoa taarifa mwezi Juni. Na ghafla neno likaingia kila redio na kila kijiwe cha kahawa: makinikia.

Sasa yapime maneno hayo mawili. Mchanga wa dhahabu: mkubwa wa neno yuko mbele, naye ni mchanga. Dhahabu imekaa nyuma kama mgeni. Anayelisikia anaona kwanza mchanga, kitu cha kuchotwa na beleshi na kumwagwa. Makinikia ni neno moja. Halina mshono, halina mchanga ndani yake. Anayelisikia inabidi aulize: hayo ni nini? Na swali hilo ndilo lililokuwa likihitajika, maana ndani yake mlikuwa na dhahabu, shaba na fedha. Sisemi kwamba neno ndilo lililorudisha mali. Mazungumzo na kampuni yalichukua miaka, na makubaliano yalitiwa saini Januari 2020, ambapo serikali ilipata asilimia 16 katika kampuni ya Twiga. Ninachosema ni kwamba mzee wa kijijini kwetu, ambaye kwa miaka alipishana na malori na kusema unapita mchanga, mwaka ule alibadilisha neno, na siku alipobadilisha neno alianza kuuliza bei.

Ndiyo maana sikubali mtu akiniambia kwamba haya ni mambo ya rula na chaki. Kinachotangulia katika neno ndicho msomaji anachokiona kwanza. Kinachomezwa katikati ndicho msomaji anachokisahau kwanza. Garimoshi limemeza la, na hakuna anayelilia. Lakini siku tutakapozoea kutamka Mwendakulima haraka haraka, kama jina la kituo cha daladala tu, bila kusikia mwenda na bila kusikia kulima, tutakuwa tumesahau kwamba kabla ya shimo hapa palikuwa na watu waliotoka asubuhi na jembe begani. Kumbukumbu hiyo haijaandikwa kwenye mkataba wowote. Imeandikwa kwenye jina, kwa silabi tano.

Kwa wenzangu wenye kalamu

Tunaoandika tukiwa hapa ukanda wa dhahabu, Kahama, Geita, Nyarugusu, tuna maneno ambayo mwandishi wa Dar es Salaam hana. Tuna duara, ambalo kwetu si umbo la hesabati, ni shimo la kuingia mtu. Tuna matimba yanayoshikilia kuta zake, tuna karasha linalosaga mawe usiku kucha, tuna mialo ya kuoshea. Yapo yanayoanza kushikana midomoni mwa watu sasa hivi, na bado hakuna kamusi iliyoamua kama ni moja au mawili. Waholanzi na Wabelgiji walianzisha umoja wao wa lugha kwa mkataba wa mwaka 1980, wakakubaliana tahajia. Sisi tuna BAKITA, na Afrika Mashariki ina Kamisheni ya Kiswahili yenye makao Zanzibar. Ni vizuri. Lakini kamusi haiwezi kuamua neno ambalo haijaliona limeandikwa, na anayeliandika kwanza ni mwandishi wa hadithi, wewe na mimi.

Kwa hiyo ninakuachia kanuni tatu ambazo ninajitahidi kuzifuata. Kwanza, tamka neno kwa sauti: likiwa na mkazo mmoja, lishikanishe, likiwa na miwili, liache lipumue. Pili, ukilazimika kulikata mwisho wa mstari, kata kwenye silabi, na kama unaweza kata kwenye mshono, ili jicho lione yale maneno mawili yaliyozaa moja. Tatu, angalia nani umemweka mbele. Kama ni mtu, muulize kwanza yeye mwenyewe anajiitaje, kabla hujachukua jina alilopewa na ofisi.

Mambo ya pannekoek na pannenkoek tuwaachie wenyewe. Sisi tuna ya kwetu ya kuandika, na machimbo yetu ya maneno bado hayajafungwa.